Mzigo Ambao Mizani ya Juja Haiuoni

Malori yanayopita barabara kuu ya Thika hupimwa uzito Juja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na trela yake, na mizani ipo ili lami isiharibiwe na wanaozidisha. Hiyo ni hesabu ya kilo. Lakini mtu anayefunga trela nyuma ya gari lake, iwe ya kubebea mawe au ya kulala mbugani, huvuta mizigo miwili, na wa pili haupimwi kwenye mizani yoyote. Mzigo huo ni hewa. Kuna hewa ambayo gari na trela huisukuma njiani, na kuna hewa ambayo injini huivuta ndani ili mafuta yaungue. Ya kwanza ikiwa nzito, tangi linakauka mapema. Ya pili ikiwa nyepesi, gari halivuti.

Ruiru na Thika ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi kwa pande zote mbili, na matokeo yake yanashangaza: trela ileile, ikivutwa kwa kasi ileile kwenye tambarare, hunywa mafuta kidogo hapa kuliko Mombasa, ilhali injini ileile ina nguvu kidogo hapa kuliko Mombasa. Lita na nguvu ni mambo mawili tofauti. Anayeyachanganya hununua injini kubwa kutibu tatizo la umbo, au hupunguza mzigo mahali ambapo angepunguza kasi.

Eneo lenyewe limezoea kuvuta. Matrekta ya mashamba ya mananasi ya Del Monte huvuta trela kandokando ya Thika, na malori ya mawe ya kujengea hupanda kutoka machimbo ya Ndarugu. Mjini Thika, kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, kimeunganisha malori, mabasi na Land Rover kwa miaka mingi. Trela za kambi ni chache zikilinganishwa na hizo zote. Ni sanduku la magurudumu lenye vitanda, jiko na tangi la maji, linalofungwa nyuma ya pikapu au gari kubwa la familia likielekea Ol Donyo Sabuk, Naro Moru, Nanyuki au Naivasha. Lakini kwa mtu anayetaka kuelewa sayansi ya kuvuta, trela hii ndiyo mwalimu bora, kwa sababu ni nyepesi kwa kilo na ni kubwa kwa umbo.

Tuchukue mfano mmoja. Gari la dizeli lenye kilo 2,200 pamoja na abiria. Trela ya kilo 1,500, upana wa mita 2, kimo cha mita 2.6, yaani imelipita paa la gari kwa zaidi ya nusu mita. Hesabu zinazofuata ni makadirio ya barabara tambarare na mwendo usiobadilika. Safari ya kweli, yenye msongamano na matuta, hula zaidi.

Kitu cha kwanza kinachoikinza safari ni matairi. Tairi hubonyea linapogusa lami na kurudi katika umbo lake linapoiacha, na kila mara nishati kidogo hupotea kuwa joto. Ukinzani huo hufuata uzito: kwa gari peke yake ni kama nyutoni 260, na trela ikifungwa unapanda hadi karibu 435. Haujali sana kasi. Ukienda polepole au haraka, kwa kila kilomita unalipa karibu kiasi kilekile, mradi matairi yana upepo wa kutosha.

Hewa haina tabia hiyo. Ukinzani wake hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani unakuwa mara nne. Unategemea pia ukubwa wa uso unaosukuma hewa na jinsi umbo linavyoiachia hewa ipite. Gari letu peke yake, likienda kilomita 80 kwa saa karibu na Ruiru, hukinzwa na hewa kwa nyutoni 270 hivi. Likivuta trela yetu ndefu yenye pembe kali, ukinzani unafika karibu 770. Tazama tofauti hiyo vizuri. Uzito wa trela uliongeza nyutoni 175, na umbo lake likaongeza 500. Mtu anayeshusha viti viwili vya kukunja na gunia la makaa ili aokoe mafuta kwenye barabara ya Thika anashughulikia sehemu ndogo ya deni lake.

Kasi je? Ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, jumla ya ukinzani inatoka karibu nyutoni 1,200 hadi 1,650. Kwa injini ya dizeli inayofikisha kwenye magurudumu thuluthi moja ya nishati iliyomo katika mafuta, hiyo ni kutoka kilomita 10 kwa lita hadi 7 na kidogo. Nguvu inayohitajika inapanda hata zaidi, kutoka kilowati 27 hadi 46, kwa sababu unashinda ukinzani mkubwa zaidi katika muda mfupi zaidi. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20. Anayekwenda kwa 100 hufika dakika 3 mapema na kuunguza zaidi ya nusu lita ya ziada. Mwenyewe naona biashara hiyo ni mbaya, na inakuwa mbaya zaidi kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, inapotangaza bei mpya ya mafuta nayo ikawa imepanda.

Ndiyo maana ningependa mafundi wa jua kali wanaochomelea trela wazungumze na wateja wao kuhusu kimo kabla ya kuzungumza kuhusu unene wa chuma. Trela ileile ikishushwa hadi kimo cha paa la gari, na juu yake ikawekwa hema la kukunjua badala ya kuta ngumu, hupita kwa kiasi kikubwa katika njia ambayo gari limeshaifungua. Kwa mfano wetu, kushuka huko kunaweza kupunguza mafuta kwa karibu robo kwa kilomita 80 kwa saa. Hakuna kifaa cha dukani, wala dawa ya kumimina kwenye tangi, kinachokaribia faida hiyo. Pembe za mbele zikizungushwa kidogo badala ya kuachwa kali, hewa hupita bila kuvurugika sana. Hilo ni jambo la kupinda bati tu.

Kuna swali ambalo huulizwa na madereva makini: ikiwa ukinzani umeongezeka zaidi ya maradufu, mbona mafuta mara nyingi hayaongezeki maradufu? Jibu liko ndani ya injini. Injini ya gari kubwa, likienda bila mzigo, hufanya kazi ndogo sana kuliko uwezo wake, na injini isiyoshughulishwa hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kwa ajili ya kujizungusha yenyewe: kusugua pistoni, kuendesha pampu, kuvuta hewa. Ya petroli ina hasara moja zaidi. Dereva akikanyaga akseleta kidogo, mlango mdogo wa hewa unakuwa umefungwa nusu, na pistoni hulazimika kunyonya kupitia upenyo huo mwembamba. Mzigo ukiongezeka, mlango unafunguliwa, hasara inapungua, na kila lita hufanya kazi zaidi. Injini inayovuta trela hutumia lita nyingi, lakini huzitumia vizuri zaidi kuliko injini inayotembea mikono mitupu.

Sasa tugeukie nguvu, maana hapo ndipo nyanda za juu zinapodai.

Shinikizo la hewa Thika ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Kila pistoni inaposhuka ili ivute hewa, mtungi hujaa hewa yenye oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita. Oksijeni pungufu, mafuta yanayoweza kuungua ni pungufu, na nguvu ya juu kabisa ya injini ni pungufu. Kanuni ya zamani ya wahandisi husema injini isiyo na tabo (turbocharger) hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Thika iko karibu futi 5,300, kwa hiyo hasara ni kama asilimia 16. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ile ya lita 4.2 isiyo na tabo inayopendwa sana Kenya kwa uvumilivu wake, huzaa Thika nguvu ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye kitabu chake, hata ikiwa mpya na imetunzwa vizuri. Fundi hawezi kuirudisha kwa kusafisha filta. Haijaharibika.

Hewa hiyohiyo nyepesi inapopita nje ya gari huwa faida. Kwenye tambarare ya Juja, kwa kilomita 80 kwa saa, gari letu na trela hukinzwa na hewa pungufu kwa asilimia 17 hivi kuliko ambavyo vingekinzwa Mombasa, na jumla ya mafuta hupungua kwa karibu asilimia 11. Kwa mwendo wa kawaida, nguvu iliyopotea haihitajiki, kwa hiyo dereva haioni. Huiona siku ya mlima.

Upungufu huu wa nguvu ulipimwa kwa ushahidi mzuri zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alfred Büchi wa Uswisi alikuwa ameandikisha hataza ya tabo mwaka 1905: moshi unaotoka huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo huzungusha jingine linalosukuma hewa kuingia kwenye injini. Mwaka 1918, mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 juu ya bahari. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 bondeni ilitoa 230 kileleni bila tabo. Ilipofungwa tabo ilitoa 356 palepale kileleni. Dizeli za kisasa, tuseme za Hilux au D-Max za miaka ya karibuni, zinaishi kwa kanuni hiyo. Tabo huzunguka kwa kasi zaidi kufidia wembamba wa hewa, mpaka ifike kikomo chake, na ndiyo maana pikapu ndogo yenye tabo hulipita gari kubwa lisilo nayo kwenye mwinuko mrefu.

Uwezo wa kuvuta unaoandikwa kwenye vitabu vya magari unahitaji kusomwa kwa jicho hilo. Wahandisi wa Marekani, kupitia kipimo kiitwacho SAE J2807, huyajaribu magari yanayovuta trela kwenye mlima wa Davis Dam, Arizona, katika joto la nyuzi 38 huku kipoza hewa kikiwashwa kwa nguvu zote. Ni jaribio gumu na la haki. Lakini kilele cha mlima huo hakifiki mita 1,200. Gari linamaliza mtihani wake mahali palipo chini kuliko Ruiru. Vitabu vingi vya magari ya Ulaya vinasema waziwazi kwamba ukipita mita 1,000, punguza uzito wa jumla wa gari na trela kwa asilimia 10 kwa kila mita 1,000 zaidi. Katika Kenya ya kati sentensi hiyo inawahusu karibu wote, na kwa kawaida iko katika kurasa ambazo hazifunguliwi.

Barabara inayofundisha haya yote ni ile inayotoka Thika kupitia Mang'u, Gatukuyu na Kamwangi, ikapenya msitu wa Kieni hadi Magumu kwenye barabara ya Nakuru. Inapanda takriban mita 900, kutoka mashamba ya kahawa hadi chai hadi ukungu wa msitu. Huku hesabu inageuka. Hewa inakuwa jambo dogo kwa sababu mwendo ni mdogo, na uzito, uliokuwa mnyonge Juja, unatawala.

Chukua sehemu inayopanda mita 6 kwa kila mita 100, kwa kilomita 60 kwa saa. Gari letu peke yake linahitaji kilowati 28 hivi kwenye magurudumu. Likiwa na trela linahitaji 51, na 36 kati ya hizo ni za kuinua uzito tu. Tuseme injini ni dizeli ya zamani isiyo na tabo, yenye kilowati 70 pwani. Karibu na Magumu imebaki na kama 52, na baada ya hasara za giaboksi na ekseli magurudumu yanapata 45 hivi. Hazitoshi. Gari litapungua lenyewe hadi chini ya kilomita 55 kwa saa, na hata hapo injini lazima izunguke kwa kasi yake ya juu. Pwani, mlima wa namna ileile ungepandwa kwa 60 na akiba ikabaki.

Dereva anayejua hushuka gia mapema, kabla mwendo haujafa. Nguvu ya injini hutokana na msukumo wake na kasi ya kuzunguka kwa pamoja, na kung'ang'ania gia kubwa injini ikinguruma polepole ni kuinyima nusu ya uwezo wake. Sauti kubwa ya gia ya tatu huwatisha wengi, lakini injini inayozunguka haraka hupozwa vizuri zaidi na pampu yake ya maji, jambo lenye maana kubwa hewa nyepesi inapopita kwenye rejeta bila kubeba joto la kutosha. Ukiona kipimo cha joto kinapanda, simama, weka mawe nyuma ya magurudumu, na uiache injini ipumue bila kuizima ghafla.

Kwa upande wa mafuta, kuziinua kilo 3,700 mita 900 hugharimu lita 2 na robo tatu hivi za dizeli juu ya zile za kawaida za safari, na trela peke yake inachukua kama lita moja ya hizo. Hapa ndipo maji yanapostahili kufikiriwa. Tangi la lita 100 ni kilo 100. Kwenye tambarare ya Juja halina shida yoyote, lakini kulipandisha Magumu likiwa limejaa, wakati maji yanapatikana huko juu, ni kazi ya bure. Kwa safari za barabara ya Thika ningejaza bila wasiwasi. Kwa safari ya Magumu ningejaza nusu, na ningehakikisha tangi liko karibu na ekseli ya trela, kwa kuwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela inapaswa kukaa kwenye ndoano ya gari. Trela iliyolemewa nyuma huanza kuyumba ikishika kasi, na mayumbo hayo hukua haraka kuliko mtu anavyoweza kuyarekebisha kwa usukani.

Kinachopanda hushuka, na mteremko ndio sehemu ninayotaka isomwe kwa makini kuliko zote. Nishati iliyohifadhiwa katika kilo hizo 3,700 zikiwa Magumu ni megajouli 33, kiasi kinachotosha kuchemsha lita 100 za maji baridi. Hewa na matairi humeza sehemu nzuri yake njiani. Inayobaki kwenye miteremko mikali lazima iende mahali, na kama injini haiichukui, breki ndizo zitakazoichukua, mpaka zinuke na kuacha kushika.

Hata hivyo bado wapo madereva wanaotoa gia wakateremka free wakiamini wanaokoa mafuta. Katika magari yenye mfumo wa sindano unaoongozwa na kompyuta, imani hiyo ni kinyume cha ukweli. Gari likiteremka ndani ya gia na mguu ukatolewa kwenye akseleta, kompyuta hufunga mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwa free, injini inahitaji mafuta ili isizime. Anayeteremka free hutumia mafuta zaidi na kupoteza breki ya injini kwa wakati mmoja. Gia ya kuteremkia iwe ileile ambayo ungepandia, au ndogo zaidi.

Mwendo wenyewe pia ni hazina. Barabara ya Thika inavuka mito inayotoka Aberdare, Ruiru na Ndarugu miongoni mwake, na kila bonde ni mteremko unaofuatwa na mwinuko. Gari na trela kwa kilomita 80 kwa saa zimebeba nishati inayoweza kuziinua mita 25 kama kusingekuwa na ukinzani. Anayeiacha ifanye kazi bondeni hupanda upande wa pili bila kukanyaga sana. Anayefunga breki kisha akaanza upya kutoka sifuri hulipa karibu mililita 76 za dizeli kila mara. Kuacha nafasi kubwa mbele, kuona tuta au matatu iliyosimama mapema, na kuachia mguu badala ya kubana breki kuna faida zaidi kuliko matairi ya bei kubwa.

Na injini ya umeme? Swali limefika Thika lenyewe, kwa kuwa kampuni ya BasiGo ilianza kuunganisha mabasi yake ya umeme katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers mwaka 2024. Mota haivuti hewa ili ifanye kazi, hivyo Magumu haiinyang'anyi chochote, na ikiteremka hugeuka jenereta ikarudisha sehemu ya zile megajouli kwenye betri. Ila haina ule ubadhirifu wa injini isiyoshughulishwa, na kwa sababu hiyo trela haiwezi kuificha gharama yake. Ukinzani ukizidi maradufu, matumizi nayo yanazidi maradufu. Gari la umeme la ukubwa wa mfano wetu linalokwenda kilomita 300 peke yake lingefika kama 130 likivuta trela ile ndefu. Lingekwenda zaidi ya hapo likivuta ile iliyoshushwa hadi kimo cha paa.